Mwaka wa Miguu Kwenye Beseni

Kwenye matanga ya senje yangu, dada ya baba, nililala. Nasema mapema kwa sababu watu wameshasema, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake. Wanadai nilikoroma mpaka kwaya ikapoteza sauti ya tatu. Uongo, kwaya ile haikuwa na sauti ya tatu tangu mwanzo. Kilichotokea ni kwamba nilifika Malaba jioni kutoka kwangu Bukhayo, nikasalimia wafiwa, nikala ugali wa muhogo na mtama kwa nyama, nikaimba nyimbo mbili, halafu nikaingia chumba cha nyuma, nikavua viatu, nikajifunika leso, nikalala mpaka kulipokucha, huku wenzangu wakikesha na marehemu kama desturi yetu inavyotaka. Binamu yangu alikuja kuniamsha na kikombe cha chai, macho mekundu kama nyanya. "Dada, kweli wewe ni mtu?" akaniuliza. "Senje alikuweka kwake mwaka mzima, na wewe usiku mmoja tu umeshindwa kumpa?" Nikamwambia nimempa usiku mzima, tena bila kuukatakata. Hakucheka. Mchana ule waliokesha walimzika senje wakiyumba, na mchungaji akalitaja jina la marehemu mwingine mara mbili. Mimi ndiye niliyemsahihisha, maana mimi ndiye niliyekuwa macho.

Senje ndiye aliyenifundisha kulala. Najua ni jambo la ajabu kufundishwa, ni kama kufundishwa kupiga chafya, lakini nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa na sijui. Leo nina zaidi ya hamsini, nimekaa nyumbani kwangu nikishona mashuka na foronya za malojingi, zile nyumba za kulala wageni, na saa tatu usiku ikifika geti langu limefungwa. Mwizi akitaka kuniibia na aje mapema, tuongee. Majirani hunitania. Fundi wa cherehani wa pale sokoni huniita Mama Kitanda, na simkatalii, kwa maana kuna majina mabaya zaidi. Daktari aliyenipima presha mwaka jana aliniuliza natumia dawa gani, nikamwambia blanketi. Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Sijui aliandika nini, lakini presha alisema iko sawa.

Mwaka wenyewe ulianza na C ya kutoa. Hiyo ndiyo niliyoipata kidato cha nne, na chuo cha ualimu kilitaka C kavu, isiyo na alama ya kutoa pembeni. Kamstari kamoja kadogo, kama unywele, ndiko kalikonizuia kuwa mwalimu. Hesabu ndiyo iliyonivuta chini. Masomo mengine yalinibeba kadiri ya uwezo wao. Senje alikuwa na lojingi ya vyumba tisa Malaba, kando ya barabara ambako malori huwa yanapanga foleni kuvuka kwenda Uganda. Akatuma ujumbe niende kwake nirudie mtihani kama mtahiniwa wa nje. Mkataba wetu aliutoa siku ya kwanza, tukiwa tumesimama jikoni, mwiko mkononi. "Mchana unanisaidia, jioni unasoma. Mwaka mmoja, mtihani mmoja. Ukipita, unaenda chuo. Ukianguka, unatafuta kazi kama watu wengine. Mimi sitaki mtihani uwe dini hapa kwangu." Nikaitikia. Nilikuwa nimeshaamua kwamba sitaanguka, na njia ya kutoanguka nilikuwa naijua, kwa sababu shuleni tuliimbiwa kila siku: wenzako wanasoma, wewe unalala. Hata ukutani kwenye bweni ilikuwa imechorwa, kwa rangi nyekundu, juu kidogo ya vitanda.

Lojingi ya senje haikuwa na kitu cha kujivunia isipokuwa ukimya. Vyumba viligawanywa kwa plaiwudi nyembamba hivi kwamba mtu wa namba tatu akipiga miayo, wa namba nne anafunga mdomo. Lakini madereva walimpenda kuliko wenye vyumba vya mawe, kwani senje alielewa kitu kimoja: dereva wa trela hulala wakati dunia imeamka. Amefika asubuhi kutoka Mombasa au Nakuru, makaratasi yake yako ofisini kwa ejenti wa forodha, foleni haiendi, na saa nne asubuhi anataka giza. Senje aliwapa giza. Mapazia yalikuwa ya blanketi kuukuu. Saa za mchana hakuna sufuria lililogongwa pale. Kuku aliyetaga na kupiga kelele ndiye aliyechinjwa kwanza, na baada ya miaka kadhaa nadhani alibaki na kizazi cha kuku wanyenyekevu, wanaotaga kimya na kuondoka kama wameiba. Siku moja mhubiri alisimika kipaza sauti chake mbele ya mlango wetu. Senje alijifuta mikono, akamwendea taratibu, akamwambia, "Mchungaji, hata Bwana Yesu alilala ndani ya mashua, na bahari ikichafuka. Wacha hawa walale, wakiamka utawaokoa." Mhubiri alihamia upande wa pili wa barabara, karibu na waendesha boda boda, ambao walikuwa macho na walihitaji zaidi.

Basi fikiria: mimi nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya usingizi, nikitandika vitanda tisa kila siku, na sikuwa nalala. Nilikuwa na ufundi. Jioni nikishapakua chakula na kuosha vyombo, nilijifungia kwenye kichumba changu cha stoo, nikajaza beseni la plastiki maji baridi, nikatia miguu ndani mpaka kwenye vifundo, nikafungua kitabu cha hesabu. Tuliofanya hivyo shuleni tulijiona wanajeshi. Maji yakipata joto, unabadilisha. Miguu ikifa ganzi, unasema ubongo ndio unapata damu. Tena pale Malaba nilipata silaha ambayo shuleni hatukuwa nayo: akina mama wa ng'ambo walikuwa wakiuza kahawa kavu, punje nzima zilizofungwa kwenye majani ya migomba, ambazo watu wa Uganda hutafuna tu kama karanga. Wao hutafuna mbili tatu wakikaribisha mgeni. Mimi nilitafuna pakiti nzima nikikaribisha logarithimu. Ilikuwa chungu, meno yakawa ya rangi ya viatu, na moyo ulikimbia kama unaitwa na mtu. Nilikuwa nikilala kwa muda wa saa tatu tu, siku nyingine mbili, na asubuhi nilijitazama kwenye kioo cha namba moja nikaona macho yangu yameingia ndani kama yanaogopa mtihani kuliko mimi. Nilifurahi. Nilidhani hiyo ndiyo sura ya msomi.

Aliyenitania wa kwanza alikuwa Mzee Salimu. Alikuwa dereva wa Mombasa, mwembamba, kila wiki mbili alipita kwetu, na wenzake walimwita Blanketi kwa sababu alisafiri na lake mwenyewe, la sufu, la kijani, na kwa sababu nyingine: hakuwasha injini kabla usingizi wake haujaisha. Foleni ikisonga, na isonge. Tajiri mwenye lori akipiga kelele, na apige. Ejenti wetu mmoja, Barasa, kijana wa kalamu mbili mfukoni na haraka nyingi, alikuwa akimgongea mlango huku senje akimvuta shati. "Mzee, gari tatu zimekupita!" Na kutoka ndani ilitoka sauti tulivu ya pwani: "Nao wahitajia kufika kuliko mimi. Waache." Wote walimcheka. Lakini niliona, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikifua mashuka na kusikia kila kitu, kwamba mwaka ule, pamoja na mabonde na vilima vya barabara ya kule Burnt Forest na Timboroa, lori lake lilikuwa pekee lisilo na mkwaruzo.

"We binti," aliniambia asubuhi moja nikimpelekea chai, "hii chai umeitilia nini?"

"Sukari, mzee."

"Sukari ya wapi? Ya baharini?"

Nilionja. Nilikuwa nimewawekea madereva sita chumvi. Watano walikuwa wamekunywa bila kusema. Hao nao walikuwa wamechoka kiasi hicho. Mzee Salimu alinitazama meno, akanitazama macho, halafu akashusha sauti ili senje asisikie. "Walala saa ngapi?" Nikamwambia ninasoma, mtihani umekaribia, nitalala nikishapita. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mie nimeendesha gari miaka ishirini na sita. Wenzangu nimewazika, na wengi hawakuwa walevi. Walikuwa wafanya bidii. Gari hujaza mafuta ndipo ukaenda. Wewe wataka kwenda kwanza, mafuta utaweka ukifika." Nikacheka kwa heshima, kama unavyocheka mzee wa watu akisema jambo ambalo umeshaamua kulipuuza. Nilijiambia yeye anaendesha gari, mimi ninasoma. Gari na hesabu wapi na wapi.

Nikikumbuka sasa, mwili ulinipigia kelele miezi mingi. Nilitandika chumba namba tano mara mbili asubuhi moja na nikakiacha cha sita na shuka la juzi. Nilimwita senje "mwalimu". Nilimfokea mama wa mboga kwa sababu ya fungu la sukuma wiki, mimi ambaye siku zote hata nzi namwomba radhi. Nilisahau ukurasa nilipoufunua mwingine, kwa hiyo niliongeza saa za kusoma, kwa hiyo nikasahau zaidi, kwa hiyo nikaongeza. Kuna mahali katika jedwali la hesabu ambapo tarakimu zilianza kutembea, mistari mizuri, kama siafu wanaohama. Nilizitazama kwa hamu nikingoja nione zinakwenda wapi. Anayekosa usingizi ni kama mlevi wa busaa: wote wanamwona anayumba isipokuwa yeye, na ukimwambia akalale anakwambia yuko sawa.

Karatasi ya kwanza ya hesabu ilifanyika asubuhi ya jua kali, kwenye shule moja nje kidogo ya Malaba. Siku tatu kabla yake nilikuwa sijafumba macho ila kwa kuibia. Beseni lilifanya kazi mpaka alfajiri. Kahawa nilitafuna hata njiani. Nakumbuka nimeketi. Nakumbuka dirisha, na harufu ya chaki, na swali la kwanza, ambalo lilikuwa rahisi, nikatabasamu. Niliandika jina langu na namba yangu kwa mwandiko mzuri sana. Kitu kilichofuata nilichosikia ni sauti ya msimamizi: "Dakika kumi zimebaki." Shavu langu lilikuwa juu ya karatasi ya majibu, na karatasi ilikuwa imelowa. Msimamizi alikuwa mtu mwema, tulipotoka aliniambia alikuwa amegonga dawati langu mara mbili, akidhani naumwa, na mara zote mbili nilikuwa nimeinua kichwa nikamjibu kwa adabu, "Namba nne ameshatoka, boss, unaweza kuingia."

Sikulia njiani. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoweza kulia. Kulia nako kunataka nguvu. Nilifika nyumbani, nikashika ufagio. Senje alikuwa ananichambulia maharagwe jikoni na Mzee Salimu alikuwa pale mlangoni na kikombe chake, ameamka. "Mtihani?" senje akauliza. Nikasema, "Nimejibu matatu." "Kati ya mangapi?" Nikamwambia. Akaweka ungo chini. Nikamweleza yote, beseni, kahawa, msimamizi, namba nne. Mzee Salimu alipofikiwa na namba nne aligeukia ukutani, mabega yakitetemeka, na sikumlaumu. Senje hakucheka. Aliinuka, akaenda stoo, nikasikia maji yakimwagwa nje, kisha akarudi na beseni langu limeshikwa ukingoni kama panya.

"Nyumba hii watu wanatoka Mombasa kuja kulala," akasema. "Wewe uko ndani, unakesha. Karatasi ya pili ni lini?"

"Keshokutwa asubuhi."

"Basi leo unalala. Na kesho unalala."

"Senje, sijasoma hesabu za uwezekano, sijasoma..."

"Kile ambacho hukusoma mwaka mzima hakitaingia kwa siku moja. Kile ulichosoma, kiko ndani, kimekaa gizani kinakungoja. Nenda namba saba."

Namba saba kilikuwa chumba cha nyuma kabisa, mbali na barabara, chenye godoro la pekee lisilo na bonde katikati. Kilikuwa cha Mzee Salimu. Kila aliyemjua alijua hakilali mtu mwingine akiwa mjini. Nikasema siwezi. Mzee Salimu alikuwa ameshaingia ndani, akatoka na blanketi lake la kijani begani na viatu mkononi. "Mie nitalala kwenye gari," akasema. "Gari langu lanijua. Nenda, mwanangu. Ukilala vizuri, usiseme asante, maana utakuwa umelala."

Nililala kuanzia saa kumi za jioni. Nililala kupita chakula. Nililala siku ya pili mchana, nikaamka kula viazi vitamu na maziwa ya mgando, nikafunua daftari kidogo, senje akalifunga mkononi mwangu, nikalala tena. Senje alisimulia miaka yote iliyofuata kwamba Mzee Salimu alipita kwenye foleni akiwaambia madereva wenzake kuna mtoto ana mtihani, asipige mtu honi mbele ya lojingi ile, na kwamba malori yalipita pale yakinong'ona hadi daraja la mpakani. Binafsi nina shaka. Nawajua madereva. Lakini siwezi kubisha, kwa sababu sikusikia honi hata moja, na sina ushahidi mwingine.

Kuhusu karatasi ya pili nitasema kidogo, kwa kuwa mtu akijisifu sana anaonekana. Nilikaa kwenye dawati lile lile. Nilisoma swali la kwanza, likawa swali tu; halikutembea. Vitu nilivyokuwa nimevisukuma kichwani mwaka mzima kwa beseni na kahawa, nikidhani vimemwagika, vilikuwepo. Vilikuja kimoja kimoja vikiwa vimepangwa, kama mtu aliingia usiku akavikunja na kuviweka kabatini. Mimi wataalamu wa ubongo siwajui, nami nimeishia kidato cha nne, mara mbili. Lakini najua kwamba ni kichwa kile kile, wiki ile ile, na kilichobadilika katikati ni godoro. Nilimaliza mapema. Nilibaki na muda wa kutazama dirishani na kuona kwamba shule ile ilikuwa na mti wa mapera, na msimamizi yule alikuwa na uso wa huruma. Nilipompa karatasi alisema kwa sauti ya chini, "Namba nne amerudi?" Tukacheka wote wawili.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata, kipindi cha kiangazi, mavumbi ya malori yakiwa yamepaka migomba yote rangi ya kakao. Karatasi za matokeo za kituo chetu zilikuwa zimepelekwa Busia, na senje aliondoka asubuhi, akasema anakwenda kutafuta mashuka na atapitia huko. Mimi nilifua, nikaanika, nikatandika, na kwa sababu nilikuwa nimeshakuwa mtu mpya, saa sita nilipomaliza kazi nilijilaza namba saba, ambacho kilikuwa wazi. Ukweli ni kwamba niliogopa, na nilikuwa nimegundua kwamba ukilala huwezi kuogopa kwa wakati mmoja.

Niliamka kivuli cha blanketi la dirisha kimeshahamia ukuta wa pili. Nje ya mlango kulikuwa na watu wawili wakinong'ona, na plaiwudi, kama kawaida yake, ilinipa kila neno. Mmoja alikuwa Barasa, yule ejenti, na mwingine senje.

"Mama, umekaa hapa tangu saa nane. Nimepita mara tatu nikakuona."

"Punguza sauti."

"Karatasi si hiyo mkononi? Amepata ngapi?"

"Hajaamka."

"Mimi nimeuliza amepata ngapi. Sikuuliza kama ameamka."

"Na mimi nimekujibu."

Barasa, kijana wa haraka zote, akasema polepole, "Ya kutoa?"

Nikasikia kiti cha ubao cha senje kikilia kidogo, kama mtu anayejisogeza vizuri ili akae zaidi. Barasa akasema, "Pole, mama," na nikasikia viatu vyake vikiondoka, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule vilitembea badala ya kukimbia.

Nilibaki nimelala nikitazama dari. Niliwaza karatasi ile ya kwanza, iliyolowa, na ya pili, na mtu wa huko Nairobi aliyezijumlisha akagawanya kwa mbili bila kujua kwamba zilikuwa za wasichana wawili tofauti. Mmoja wao angekuwa mwalimu. Halafu nikamwaza senje, mwanamke aliyekuwa na vyumba tisa vya kuangalia, chakula cha jioni hakijawekwa motoni, amekaa mlangoni pangu saa mbili nzima na habari mbaya mkononi, akizuia watu, ili nimalize usingizi wangu kwanza.

"Senje," nikaita.

Mlango haukufunguka. "Umeamka?"

"Nimeamka."

"Umelala ukatosheka?"

Nikasema, "Bado kidogo."

"Basi ongeza," akasema. "Karatasi hii haiendi popote."

Nikageukia ukutani, nikaongeza.